Nimekoroma kikaoni

Shoga, nimeumbuka! Nimekoroma kikaoni! Mimi!

Si unamjua Ritsuko wa meza ya dirishani? Kila kikao anasinzia, na bosi Hamanaka anasema, "Mwacheni, kazi imemchosha maskini." Mimi nisiyepata usingizi hata kitandani, nani anisifu? Wivu ukanikaba.

Leo na mimi nikajifanya nasinzia. Kujifanya tu!

Maana yule daktari wangu wa usingizi, asiyetoa vidonge, kazi yake maneno na masharti, amenikataza kulala mchana. Nami kila siku nambishia: bila giza, kimya na mto wangu, silali ng'o.

Shoga, nikalala. Kwenye kiti, taa zinawaka, Hamanaka anasoma hesabu za mauzo!

Nimempigia daktari. Kacheka huyo! "Na mto wako ulikuwa wapi, Mizue? Umeacha kuusaka usingizi, umekuja wenyewe."

Haya, hapo kanishinda. Lakini kinachoniuma si hicho.

Nazinduka, chumba kitupu, sweta la Ritsuko limenifunika mabegani. Nje namsikia Hamanaka: "Ritsuko, kweli una utu wewe!"

Yaani nimelala mimi, kasifiwa yeye!