Tangawizi na Mtihani wa Brenda

Masama, Hai,
Kilimanjaro.
20 Novemba 1994

Mpendwa wifi Eunike,

Salamu nyingi kutoka huku mlimani. Mnaendeleaje Mwanza na hilo joto lenu? Kikohozi cha mwanao Ezra kimepona? Sisi hatujambo, ila kaka yako Yoramu goti linamsumbua na dawa hataki. Unamjua mwenyewe.

Nimeshika kalamu hata vyombo sijaosha. Binti yetu Brenda amemaliza mtihani wa kidato cha nne, na hakukosa karatasi hata moja. Wifi, asante. Asante sana.

Unakumbuka nilivyokuandikia nikilia. Siku zake zikifika anajikunja kitandani, anatapika, tumbo linajaa hadi sketi haifungi. Mtihani wa majaribio ulimkuta hivyo, wenzake wakamtoa darasani wamembeba. Nilipotazama kalenda nikaona mtihani wa taifa nao unaangukia humo humo. Kaka yako alishaanza kusema labda shule si fungu lake.

Nilimweleza Brenda kama ulivyoniandikia: mji wa mimba hutengeneza kemikali ya kuufanya ujibane utoe damu, na kemikali ikizidi unajibana kupita kiasi. Tangawizi, wataalamu wanaona, huipunguza, ndiyo maana inywewe mapema. Sisi tulikuwa tunaichemsha mtoto ameshalia! Safari hii nilinunua ya Upareni pale sokoni Kwasadala, akaanza kunywa siku zilipokaribia.

Kazi ilikuwa kwenye magadi. Mama, kwa upendo wake, kila Brenda akivimba tumbo alimpikia kiburu, ndizi na maharage, na kukizidishia magadi, eti yanatoa gesi. Sasa mimi niliyeolewa tu nimwambie mama mkwe kwamba magadi ni chumvi, na chumvi inashikilia maji mwilini? Nikamsomea barua yako kama ilivyo, wewe binti yake ujibebee lawama. Alininunia, hata kahawa akaenda kuchuma peke yake, lakini magadi hakuzidisha tena.

Nisikudanganye, maumivu hayakuisha kabisa. Siku ya Baiolojia Brenda aliondoka amekunja uso. Lakini aliondoka kwa miguu yake, akaandika mpaka muda ukaisha. Hospitali nitampeleka kama ulivyoagiza, wamwangalie vizuri.

Yoramu anakusalimu, na sasa anajisifu kwamba binti yake msomi. Mama mdogo Elisaria anauliza Krismasi mnakuja lini.

Salamu za Mama nimeziacha mwisho. Jioni ile ya Baiolojia, Brenda aliporudi, Mama aliingia jikoni akaniomba nimsomee tena pale ulipoeleza jinsi mji wa mimba unavyojibana. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Kumbe kulikuwa na sababu. Mimi nilikuwa nachapwa, naambiwa ni mvivu.”

Nililia, wifi, naye akanifuta machozi kwa kanga yake. Ameniagiza nikuandikie maneno hayo hayo, na kwamba anamshukuru Mungu kwa kukuzaa.

Bwana aibariki mikono yako inayogawa dawa.

Wifi yako akupendaye,
Gladys