Droni ya Martin Kwenye Harusi ya Susan

Vale uko? Leo nimeaibika, wacha tu.

Si unajua harusi ya Susan huku Ndera nilipewa mimi nipige picha? Martin akaja na kidroni chake, kile cha bei rahisi, kidogo kama kiganja. Kuruka tu, watu wote wakaniacha na kamera yangu shingoni. Wote Vale! Hata mama yangu mzazi anakipungia mkono!

Wivu ukanishika. Nikakipa mgongo, nikawaambia, "Hicho kidude kitatumbukia mtoni saa hii."

Hakikutumbukia.

Martin akamwonyesha bibi harusi picha kwa simu. Mto umejipinda, mpunga kijani kote, watu wote wameinua nyuso wanacheka. Mmoja tu amegeuka, mikono kiunoni.

Susan akauliza, "Huyu aliyenuna ni nani?"

Martin akajibu, "Si ni mpiga picha wako!"

Walicheka, Vale. Walicheka!

Na Susan anataka hiyo hiyo iwekwe fremu, aitundike sebuleni.

Kinachoniuma zaidi, picha ni nzuri kweli. Miaka sita nazunguka na kamera, sijawahi kupiga kama hiyo.