Mto Unakwenda, Mzee Sefu

Mwera, Jumanne, Februari 1995

Kumbe mto unakwenda. Chombo kipya, kinachopiga sauti majini na kusikiliza mwangwi, leo kimesoma sentimita mbili kwa sekunde. Kiangazi chote pangaboi la kipimo chetu cha zamani halikuzunguka hata kidogo.

Mzee Sefu, aliyekuwa mwenzangu wa pekee katika kituo hiki cha kupima mto, alinisihi: "Mwanangu, usiandike sifuri. Maji haya yanakwenda." Niliandika sifuri. Yeye katika zamu zake akaandika kwamba yanakwenda, wakubwa wakasema anabuni takwimu, na wafanyakazi walipopunguzwa akaondolewa yeye. Nami nilinyamaza.

Jioni nimekwenda kwake kumwomba radhi. Mkewe kanipokea mlangoni.

"Karudi kwao Pemba. Hakusema atakuja lini. Una ujumbe, mwanangu?"

Nilikuwa nao. Nikasema, "Msalimie tu, mama," nikaondoka.