Sifuti Maneno ya Dereva

Jumanne. Upepo wa Tunduma umepiga mabati tangu alfajiri, vumbi limeingia mpaka kwenye chai. Nimeinywa hivyo hivyo. Leo sikuwa na muda wa kugombana na vumbi.

Nimegombana na binti yangu Tumaini, na nimeshinda.

Wewe uliyeingia leo kwa mara ya kwanza kwenye blogu hii ninayoisemea simu ikaandika, nijue. Mimi ni mzee niliyechemsha chumvi kule kijijini Ivuna ujana wangu wote, na nimetoa kitabu. Ndiyo, kitabu! Shule niliachia darasa la tatu, kalamu kwangu nzito kuliko jembe, lakini nilikisema chote kwenye simu, Tumaini akasikiliza na kukiandika. Wenye kampuni za vitabu hawakukitaka. Tukakichapa wenyewe, hapa hapa mjini. Wapo wasomi wakubwa hawana hata kijitabu. Mimi ninacho.

Shida ni kwamba kilikaa chumbani kwangu. Maboksi yamepanda mpaka dirishani, nalala ubavu ubavu kuyapisha. Na wenzangu tuliochemsha pamoja wengi tumeshawazika. Kitabu hiki kisiposomwa, kazi yetu inafukiwa pamoja na mimi.

Tumaini akaniambia watu siku hizi hawanunui kitabu mpaka waone waliosoma wamesema nini. Basi nikaenda kanisani, nikawaomba wanakwaya waandike maoni hapa kwenye blogu.

Hapo nilikosea. Kwetu ukimwomba mtu akuseme mbele za watu, anakusema kama siku ya msiba wako. Mmoja aliandika mzee huyu hana ugomvi na jirani yeyote. Uongo, ninao, na majirani wananijua. Mwingine alishukuru kwa mabati ya kanisa niliyochangia. Mwingine akamalizia, "Tutamkumbuka daima."

Niko hai, jamani!

Hakuna aliyetaja chumvi hata chembe. Wala hakuna aliyenunua.

Halafu akaja dereva, mtu wa Tanga. Lori lake lilikwama kwenye foleni ya mpakani, akakuta kitabu kwa mama muuza chai ninakoacha vichache. Akaandika hivi: "Mzee anajisifu mno. Safari ya kubeba chumvi kwenda Mkwajuni ameivuta kama foleni yenyewe, na yule simba wa njiani simwamini. Lakini pale anapochemsha chumvi nilijisahau. Lori la mbele likaondoka, wenzangu wakanipigia honi na matusi juu. Nimeirudia sehemu hiyo mara mbili."

Tangu hapo madereva wanamuuliza mama chai, "Kile cha simba wa uongo kipo?" Wanakichukua. Mwanamke mmoja wa Ileje naye akamjibu dereva pale pale kwenye blogu, kwamba babu yake alibeba chumvi njia hiyo hiyo, na kama safari ni ndefu basi ndivyo ilivyokuwa, aache uvivu. Watu nisiowajua wananigombania! Chumbani sasa naweza kunyoosha mguu mmoja.

Leo asubuhi Tumaini akaja na simu mkononi.

"Baba, haya ya dereva nayafuta. Anakuita mwongo."

"Kasema simba tu."

"Baba! Watu wa kanisani wanasoma. Mchungaji kaniuliza."

"Mchungaji kakisoma kitabu?"

Akageuza macho kwenye simu.

"Basi abaki na Biblia yake, aniachie dereva wangu."

Nikamkalisha, nikamweleza. Ivuna hukuuza chumvi gunia likiwa limefungwa. Lilikaa wazi, kila apitaye anachota kidogo, anaweka ulimini, anasema kwa sauti: hii chungu, hii ina mchanga, hii safi. Ukinuna, shauri yako. Aliyefunga gunia na kulisifia kwa mdomo alirudi nalo nyumbani. Marehemu baba yangu alikuwa akisema usimfukuze anayetema, mwangalie kwanza kama anachota tena. Akichota tena, huyo anakuuzia.

Dereva katema, halafu kachota tena. Sasa nimfute kwa lipi?

Nisidanganye, neno "anajisifu" liliniuma. Nililizungusha uani siku nzima, nikitafuta jembe ambalo sikuwa na kazi nalo. Lakini maumivu ni yangu, kitabu ni cha watu. Na simba alikuwepo. Ukubwa wake tunaweza kuelewana.

Nikaagiza maneno ya dereva yapandishwe juu kabisa, wanakwaya wakae chini. Wakitaka kupanda, wasome, kisha wanitukane kwa haki.

Tumaini akayapandisha, kanuna kweli kweli. Halafu akabaki anaandika. Nikadhani anamjibu mchungaji. Alipoondoka nikafungua simu yangu, nikasoma polepole, kidole chini ya kila neno:

"Mimi ni binti yake, ndiye niliyekiandika. Sura ya pili inachosha, nilisinzia. Sura ambayo mama yangu anazima moto wa mwisho wa chumvi niliiandika huku nalia, na sijawahi kumwambia baba."

Sura ya pili inachosha? Sura ya pili!

Nimekaa na simu hiyo mpaka chai ya pili ikapoa. Miaka yote nyumba moja, na hili nimelisoma pamoja na wapita njia.

Sitalifuta. Kesho nitamjibu hapo hapo, mbele za watu, kuhusu hiyo sura ya pili. Ajiandae.