Mashine Tupu Nayo Imebonyea

Mariat, uko? Nafuna wetu, mpimaji wa mipira, yuko matatani hapa karakana ya miguu ya bandia.

Afande Apollo, yule aliyeacha mguu Somalia, ameingia, akauvua mguu wa bandia akauweka mezani. Soksi ya kigutu imelowa damu. "Nani alipima mpira wa kisigino hiki akasema ni laini?"

"Mimi, afande." Ni Nafuna huyo. Mimi, afande.

Nafuna akawasha mashine ya kukandamiza bila mpira, chuma juu ya chuma. Skrini ikasema kitu kimebonyea. Kitu gani, Mariat? Hakuna kitu mle.

Kumbe mashine yenyewe hunepa, naye siku zote alihesabu kunepa huko kuwa ulaini wa mpira.

Afande akauliza polepole, "Na miguu ya wenzangu wa Mbale?"

Lori lililoibeba, yenye mpira huohuo, limeondoka hapa Jinja asubuhi. Dereva hashiki simu.