Kwa Rutagengwa, Aliyemkamata Mama Kila Muhula

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu useme unajinyoosha kidogo baada ya chakula cha mchana, nasi tukakuwekea chai kwenye chupa ili ukiamka usiikute imepoa. Hukuamka kuinywa. Tunaandika haya sisi wanao, Akaliza na Evode. Mama amekaa hapa pembeni, anatusahihisha kama kawaida yake, ila mengi ya humu yanamhusu yeye, kwa hiyo tumemkatalia kusahihisha yote.

Tunakumbuka ulivyokuwa ukisalimiana na watu. Hukuachia mkono wa mtu upesi. Uliugeuza, ukateremsha miwani, ukamwambia mgeni ambaye hata jina lake hukulijua, "Una duara zuri sana kwenye hili gumba, litunze." Harusini uliinua chupa ya soda kwenye mwanga kabla ya kunywa, uone nani aliishika kabla yako. Mama alikupiga teke chini ya meza, nawe ukaendelea kutazama.

Tunawakumbuka pia wale akina mama wa Bugeshi waliokuja hapa Nengo na mikono iliyochakaa kwa viazi, mashine ya vitambulisho imekataa kusoma vidole vyao. Walikuja wamenyong'onyea, kama watu walioambiwa hawapo duniani. Uliwakalisha barazani, ukawapaka gilisarini wewe mwenyewe, ukawaambia mistari yao haijafa, imechoka tu, wakiacha jembe kwa siku kadhaa itarudi. Walicheka sana, maana nani angewalimia? Lakini mistari ilirudi, nao walirudi na kiroba cha viazi.

Kazi ya alama za vidole uliifanya polisi tangu uliporudi nchini kutoka Karagwe mpaka ukastaafu. Wenzako walistaafu wakafuga ng'ombe. Wewe ulikwenda shule ya sekondari iliyo njia ya kwenda Nyundo, ukaomba saa moja tu kwa wiki uwafundishe watoto sayansi ya upelelezi. Watoto walidhani watafundishwa mambo ya sinema. Wewe ulianza kwa kuwafundisha kunawa mikono.

Vifaa hukuwa navyo, ukavitafuta jikoni kwetu. Ulisaga makaa mpaka yakawa laini kama unga, ukayachekecha kwa soksi ndefu za Mama, ukayapaka kwenye vioo kwa brashi yake ya poda. Mpaka leo tunamsikia Mama akikuita kutoka chumbani, kwa Kiswahili chake cha Goma, chenye Kifaransa ndani yake, ambacho hukuacha kumtania nacho: "We Rutagengwa, brashi yangu iko wapi?" Na wewe, bila hata kugeuka: "Ipo kazini."

Darasani ulikuwa mkali kwa jambo moja tu. Mtoto akisema anajua nani kaiba, ulimjibu, "Kujua unajua. Sasa nionyeshe." Na akikuonyesha alama, ulimwambia alama inasema nani alishika kitu, haisemi nani aliiba, hilo aende akaulize kwa adabu. Sano, mwanafunzi wako wa kwanza, ambaye sasa ni mwalimu wa baiolojia palepale, anasema maneno hayo yamemwepusha na ugomvi mwingi, hata wa nyumbani kwake.

Mtihani wako wa kila muhula ulihitaji mwizi, na mwizi wako alikuwa Mama. Mwimba kwaya, mtu wa watu, alipita shuleni kama anayesalimia tu, na akishaondoka, kitu hakionekani: saa ya ukutani, kopo la sukari, siku moja hata mwavuli wa mhasibu. Wanafunzi walipekua vioo na vikombe, wakalinganisha vitanzi na maduara ya vidole, mpaka wakamfikia. Waliohitimu walikuwa wakimwona sokoni wanamsalimia kwa kelele, "Mama Mwizi, muraho!" na wauzaji wakavuta mikoba yao karibu. Mama alijidai kukasirika. Alipenda mno.

Halafu ulikuja wewe na koti lako la zamani kumkamata. Ulisema, "Mukamusoni, unahitajika," ukamkalisha mbele ya darasa zima, ukamshika mkono umchukue alama za kuthibitisha. Ninyi wawili ni watu wa zamani zenu. Njiani wewe ulitangulia na yeye akafuata, na hatukuwahi kuwaona mmeshikana mikono, hata siku ya jubilei ya ndoa yenu pale kanisani padri alipowaomba. Lakini pale darasani ulimshika kidole kimoja kimoja, ukakiviringisha kwenye wino, kisha kwenye karatasi, taratibu. "Legeza mkono. Tazama dirishani. Kazi niachie mimi." Mama hakulegeza. Alama iliharibika, ukamwambia mrudie, ikaharibika tena, mpaka kengele ya chakula ikalia na watoto wakaanza kutazamana.

Baba, ulipoondoka, Mama aliificha mikono yake. Hatuna namna nyingine ya kulisema. Watu walikuja kutoa pole, yeye akawapa kigasha washike badala ya kiganja, kama mtu aliyetoka kufua, akisema mikono ina maji. Tulidhani ni hali ya msiba tu, itapita. Matanga yakaisha, mvua zikaja zikaenda, bado Mama anatoa kigasha. Akaliza alitaka kumpaka mafuta mikononi, akakataa. Mjukuu alitaka kushikwa mkono wavuke barabara, akampa ncha ya kitenge. Usiku ule tulilia sote, kila mtu chumbani kwake. Tuliogopa kwamba tunampoteza naye, akiwa yupo yupo.

Sano alikuja kumwomba awe mwizi wa muhula. Mama alimpa chakula, akasubiri amalize, akamwambia, "Sano, mi siko mwizi tena. Polisi yangu alikufa." Sano alirudi muhula uliofuata, akajibiwa vilevile. Mara ya tatu hakuomba kitu. Alikunywa chai, akalalamika tu kwamba darasa la mwaka huu wanakandamiza vidole vya watu kama wanaosonga ugali, hakuna alama inayosomeka.

"Nani aliwafundisha vile?" Mama akauliza.

"Mimi, mama."

Mama akamtazama kwa huruma. "Bon. Nitakuja kuangalia. Kuangalia tu."

Evode alimsindikiza. Njia nzima alirudia kwamba anakwenda kuangalia tu. Akapita ofisini kusalimia, na kengele ya mkuu wa shule haikuonekana tena.

Wanafunzi walimfikia kabla ya saa sita. Msichana mmoja, Immy, ndiye aliyepewa kazi ya kuchukua alama zake. Mama alipoona kile kidau cha wino alirudisha mikono ndani ya kitenge, akasema, "Mikono iko na maji." Evode alisimama mlangoni, akajua tumefika pale palipotushinda mwaka mzima. Immy hakujua lolote. Alitoa leso yake akasema, "Basi nikukaushie, mama." Akanyoosha mkono, akangoja.

Mama alimpa mkono, Baba. Ulikuwa mkavu kabisa. Immy aliukausha hivyo hivyo, kidole kwa kidole, kwa heshima. Kisha akaanza na gumba, akalikandamiza mpaka meza ikalia.

"Usikandamize, mutoto," Mama akamwambia. "Hivi utanivunja kidole. Shika hapa chini. Bon. Donc sasa mi nalegeza mukono, naangalia kule dirishani, na kazi nakuachia we."

Alitazama dirishani. Gumba likatoka safi, mstari kwa mstari, na darasa likapiga makofi. Mama aliishika ile karatasi kwa muda mrefu.

"Imetoka mara moja tu," akasema. Kisha akaanza kucheka, na machozi yakamtoka hapo hapo, mbele ya watoto wa watu. "Miaka yote ile nilikuwa nakaza makusudi. Nilitaka arudie."

 Evode hakujua atazame wapi. Aliyesema ni Sano, na alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayetoa ushahidi. Alimwambia Mama kwamba miaka yote aliyosimama kando yako akikushikia karatasi, hukuwahi kuitazama kabla ya kusema imeharibika.

 Mama akasema, "Ule muzee!"

Siku hiyo safari ya kurudi Nengo ilimchosha Evode. Mama alimpa mkono mlinzi wa geti, akampa mpishi, akampa kila aliyekutana naye barabarani, wengine watu asiowajua hata kidogo, na kila mmoja akaondoka na wino kidogo. Kengele ameirudisha juzi, baada ya mkuu wa shule kutuma mtu.

Tumeona tukuandikie ujue alikuwa akikaza makusudi, Baba, ingawa Akaliza anasema ulijua tangu muhula wa kwanza, maana mtu aliyesoma vidole vya watu umri wake wote hawezi kudanganywa na vya mkewe.

Unakumbukwa na mkeo Mukamusoni, na sisi wanao Akaliza na Evode pamoja na wakwe na wajukuu, na ndugu zako wa Karagwe, na shemeji zako wa Goma, na Sano pamoja na darasa lako lote. Maadamu tupo, Baba, utakuwa ukikumbukwa, na Mama anatuambia tuongeze kwamba yeye, kwako wewe, bado hajalegeza mkono.