Vidonge Nilivyokumezesha, Dada

Dada Martina,

Huku Nangara tupo, sukari hakuna, sabuni tunaiota tu. Ila nina neno, na safari hii si kama ile hadithi ya kiboko wa ziwani niliyempiga kofi akaomba radhi. Tangu arobaini yako, kila mchana jua likiwa utosini nakuta alama vumbini mlangoni kwangu: unyayo mmoja mzima, na kando yake mguu wa kushoto umeburutwa. Ndivyo ulivyokuwa ukitembea baada ya kiharusi. Zinatoka njia ya makaburini, zinaishia kwenye sanduku langu la bati. Nafagia. Kesho yake zipo. Nimewaambia wanao, wakacheka: "Mjomba ameanza!"

Wewe unajua kilichomo sandukuni.

Daktari alitueleza kwamba damu ikikatika ubongoni kisha ikarudi, inazaa sumu inayoula ubongo kama kutu. Wataalamu wa nje wanajaribu dawa za kuizuia, bado hawana hakika. Hilo "bado" mimi nililiacha wodini. Nikakwambia, "Dada, nina watu Namanga mpakani, watanipa hiyo dawa, kutu itakimbia yenyewe!" Ukacheka kwa nusu ya mdomo. Ukawaambia manesi, "Niacheni niende nyumbani, kaka analeta dawa."

Namanga sikufika. Niliishia Arusha. Vile vidonge vya rangi ya dhahabu nilivyokuletea ni mafuta ya samaki, dada. Ulivimeza siku tisa ukinishukuru. Siku ya kumi ukaanguka tena, na hukuamka.

Leo Mama Yohana, jirani, amekuja mbio. Mumewe ameanguka, mdomo umekwenda upande. "Baba Paskali, nigawie zile dawa zilizomtembeza dada yako!" Ulitembea kwa ubishi wako mwenyewe, lakini nikafungua sanduku nitoe vidonge vilivyobaki. Nyuma yangu mguu ukaburutwa, srrr, ukasimama. Sikugeuka. Mama Yohana ndiye aliyegeuka, akauliza, "Nani amepita?"

Nikamwambia yote. Hakunitukana. Heri angenitukana.

Tumemleta mumewe hospitali kwa mkokoteni, nikisukuma mimi. Anapumua. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya wodi.

Lala salama, dada yangu. Nikitoka hapa nakwenda kwa wanao, nitawaambia nilichokumezesha, bila kuongeza kitu. Hilo nakuahidi. Wakinifukuza, nitaondoka.

Nakuomba tu, usinisindikize.

Kaka yako,
Gwandu